Siku Niliyokwenda kwa Mshauri na Msemaji Wangu

Siku ya kwanza kwenda kwa mshauri, nilikwenda na msemaji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu wanalijua tayari, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko ulisikie kwao. Wao huongeza.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, mzee wa kofia na bakora ambaye ndiye mwenye mdomo katika ukoo wetu wote. Sisi wengine tulipewa midomo ya kulia chakula tu. Yeye ndiye aliyekwenda kuniposea mke. Yeye ndiye aliyesimama makaburini kushukuru watu kwa niaba yangu. Kwetu Ukambani jambo zito halipelekwi na mwenyewe. Mwenyewe hukaa pembeni akiangalia viatu vyake, na mtu anayejua kupanga maneno humsemea. Hata siku ya kupeleka mbuzi kwa wakwe, bwana arusi akifungua kinywa wazee humtazama kama aliyejikojolea. Kwa hiyo niliposikia kwamba kwa mshauri mtu hukaa kitini akaeleza mambo ya moyoni mwake, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: nani atanisemea?

Lakini nimeruka. Nianze nilipopaswa kuanza.

Mwaka juzi tulimzika binti yetu, kifungua mimba wetu, aliyekuwa amebakiza muhula mmoja amalize chuo cha ualimu. Alianza kuumwa kichwa siku ya kanisa, tukadhani ni jua. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Juma halikuisha.

Alikuwa amechukua jina la mama yangu, kama desturi ilivyo kwa binti wa kwanza, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumwita kwa jina. Tangu yuko mgongoni nilimwita mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama yangu. Kumwita jina lake kavu kungekuwa kama kumwita mama yangu kwa mluzi. Mama mwenyewe alikuwa amefariki mapema. Kwa hiyo siku ile nilizika watu wawili kwa jeneza moja, na sikumwambia mtu yeyote. Kwanza sikujua kama ni kitu cha kuambia watu. Pili, mimi siambii watu kitu.

Nina kisiagi, mashine ya kusaga unga, hapa nje kidogo ya mji wa Machakos. Watu huniletea mahindi nikawasagia, na wengine hutaka yakobolewe tu kwa ajili ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Nilisoma hadi darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisomea dirishani. Kazi ya kisiagi ilinifaa kwa sababu mashine ikiwaka hakuna anayeweza kuzungumza. Mteja anapiga kelele, "Laini!" nami natikisa kichwa. Anapiga kelele, "Habari ya nyumbani?" nami natikisa kichwa vile vile. Nimeishi hivyo miaka mingi na watu wamenisifu kuwa ni mtu mpole. Si upole. Ni injini.

Baada ya mazishi nilirudi kazini haraka sana. Watu walisema, tazama mwanamume alivyo na nguvu. Ukweli ni kwamba nyumbani kulikuwa kimya, na kimya cha nyumbani kina masikio. Mke wangu alikuwa anakaa ndani ya kimya hicho kutwa nzima, akinisubiri nirudi tuwe wawili. Nami nilikuwa narudi nimejaa unga mpaka nyusi, nakaa, nakula. Alikuwa akisema, "Leo nimekuta kitambaa chake kwa kamba nyuma ya mlango." Nami nikamjibu, "Kesho fundi anakuja kubadilisha mkanda." Namaanisha mkanda wa mashine. Siku nyingine akisema, "Rafiki yake wa chuo alinipigia, alilia sana." Nami nikamwuliza kama chumvi imebaki.

Kijana wetu, ambaye anafanya kazi kiwandani Athi River, alikuwa akija mwisho wa mwezi, anatutazama mimi na mama yake kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa, halafu anarudi kazini mapema.

Asubuhi moja nilimkuta mke wangu amefunga begi. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, ningewasha mashine.

"Naenda kwa dadangu Kithimani," akasema. "Nimechoka kuishi na ukuta. Na hata ukuta, mtu akiuegemea, unamsaidia."

"Utarudi lini?"

"Siku utaweza kuniambia kitu kimoja kuhusu mtoto wetu. Kitu kimoja tu. Utoe kwa mdomo yako mwenyewe. Na usinitumie baba yako mdogo, mimi sitaki hotuba."

"Na nikishindwa?"

Aliinua begi. "Basi kaa na mashine yako."

Nikakaa nayo. Nilikaa nayo mpaka nikaanza kula maharagwe yaliyochacha nikijiambia ni ladha mpya. Ndipo nilipoona kwamba nikifanya mchezo nitazeeka hivi, mtu na injini yake, na mke wangu atazeeka Kithimani akivuna ndengu za watu wengine.

Nilianzia kanisani, kama kila mtu. Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nina shida ya nyumbani na ningependa mtu wa kuzungumza naye. Alinishika mkono kwa upendo mkubwa. Jumapili, kipaza sauti mkononi, akaomba kanisa zima limkumbuke ndugu yetu wa kisiagi ambaye mke amemtoka. Waliokuwa hawajui wakajua. Wiki iliyofuata wateja waliongezeka, wengine wakiwa na kikombe kimoja cha mahindi, kuja kuangalia sura yangu.

Aliyenisaidia ni mwanamke mwenye duka la simu jirani na kisiagi changu. Huyu ni mtu wa mizaha, lakini alikuwa ameona nimeanza kununua mandazi asubuhi, mchana na jioni. Siku moja nilipeleka simu ibandikwe kioo nikamwuliza, kama naulizia mtu mwingine, watu wenye matatizo ya kichwa hutafuta wapi msaada siku hizi.

"Huyo mtu ni wa umri gani?" akauliza.

"Umri kama wangu."

"Na anafanya kazi gani?"

"Kazi ya... biashara."

"Ya kusaga?"

Nikajifanya nachagua chaja. Akavuta kiti, akafungua mtandao kwenye simu yake, akaanza kunitafsiria.

"Haya mzee. Hapa wanataka kujua shida ni gani ndio wakupatie mtu. Kiwewe, mahusiano, ama afya ya akili?"

"Kiwewe ndicho nini?"

"Ni ile kitu inakushika ukiona jambo mbaya, halafu jambo linaisha na yenyewe haikuachilii."

"Weka hiyo."

"Mahusiano?"

"Mahusiano ni bibi?"

"Ni bibi."

"Weka."

"Afya ya akili?"

Nilitazama nyuma. Mlangoni hapakuwa na mtu ila mwenye punda wa maji akipita. "Hiyo wakiandika, ni nani ataona?"

"Hakuna mtu ataona, wewe nawe!"

"Basi weka. Lakini weka kidogo."

Alicheka mpaka akaweka simu chini. Kisha akanionyesha picha za washauri walio karibu. Wote walikuwa wanatabasamu meno nje, kama watu wanaouza dawa ya meno. Niliwapita mmoja baada ya mwingine mpaka nikafika kwa mwanamke mmoja ambaye hakutabasamu kabisa. Nikasema huyu hapa. Nilifikiri, huyu hatanicheka. Baadaye nilikuja kugundua kwamba ni mtu wa kucheka kuliko wote, ila ile picha ilikuwa ya kitambulisho.

Ofisi yake iko Mumbuni, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi zinanuka chakula cha kuku. Nilipopata siku ya kwenda, nilijiona nimebanwa. Mke wangu alisema nisimtumie baba mdogo. Lakini alisema nisimtumie Kithimani, Mumbuni hakuitaja. Nilifurahi sana nilipoliona hilo. Mtu mwoga akitafuta mlango wa nyuma huwa ana akili kuliko wakili. Nikampigia baba mdogo simu, naye akauliza jambo moja tu: "Upande ule mwingine watakuwa wangapi?"

"Mmoja. Mwanamke."

"Basi ni rahisi," akasema.

Alikuja amevaa koti la arusi. Mshauri alitufungulia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na alipoona wazee wawili, mmoja na bakora, aliuliza kwa upole ni nani kati yetu ana miadi. Baba mdogo akamwambia tukae kwanza. Tukakaa. Akakohoa kikohozi chake cha shughuli.

"Binti yangu," akaanza, "sisi tulikuwa tunapita tu. Tukaona hapa kuna nyumba ya heshima. Tukasema, watu wa nyumba hii hawawezi kukosa maji ya kunywa."

Mshauri akaenda akaleta maji. Baba mdogo akanywa polepole, akaridhika kwamba mambo yameanza vizuri.

"Sasa," akaendelea, "kuna boma moja, sisemi ni la nani, lilikuwa na mbuzi wake. Mbuzi mdogo akaenda asikorudi. Mbuzi mkubwa naye akatoka akaenda upande wa Kithimani. Mwenye boma amebaki anashika kamba mkononi."

Mwenye boma nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ninakiri nilikuwa nasikia raha. Nilikuwa nasikia jinsi shida yangu inavyopendeza mdomoni mwa mtu mwingine.

Mshauri akanigeukia. "Pole sana, baba. Na wewe unajisikiaje?"

"Anajisikia vizuri," akasema baba mdogo.

"Nilikuwa namwuliza yeye."

"Ndiyo. Na mimi nimekujibu."

Nilimwona mshauri akijizuia kitu usoni, ambacho sasa najua kilikuwa kicheko. Akaniuliza tena, akiniangalia mimi, "Kama huyu mzee hangekuwa hapa leo, wewe ungeniambia nini?"

Nikamtazama baba mdogo, aniambie ningesema nini.

"Angesema hivyo hivyo," akasema baba mdogo.

Mezani kulikuwa na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Baba mdogo alidhani ni za wageni, kama peremende, akachukua kadhaa akatia mfukoni, akasema mahali hapa pana ukarimu. Halafu mshauri akamwambia, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri ule, kwamba amefungua njia vizuri kabisa, kwamba bila yeye tusingefika hapa, na kwamba kwa desturi ya nyumba hii mzee aliyefungua njia hupumzika chini, ambapo kuna kiti na gazeti, huku vijana wakimalizia. Nina miaka hamsini na minne. Baba mdogo akakubali kwamba desturi hiyo ina busara. Akashuka na bakora yake, na tukamsikia dukani akianza kumweleza mtu kuhusu minyoo ya ng'ombe.

Tukabaki wawili. Yeye hakusema neno. Nami, kama kuna kitu nakiweza duniani, ni hicho. Nilijisemea, huyu hajui anashindana na nani. Tulikaa hivyo. Kuku wa mtu walilia nje. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikavihesabu tena kwa upande mwingine. Mwishowe muda ukaisha, akainuka, akanishukuru kwa kuja, akaniuliza kama nitarudi. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilishuka ngazi nikijiona mshindi, na nilifika barabarani kabla sijajiuliza nimeshinda nini.

Baba mdogo aliuliza mambo yamefika wapi. Nikamwambia yanaendelea.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa, nimefanya mazoezi kisiagini mashine ikiwa imewaka, nikitamka maneno makubwa makubwa ambayo hata mimi sikuyasikia. Nilipokaa kwenye kile kiti yote yakatoka kichwani kama unga kupitia gunia lililotoboka. Nikaanza kumweleza habari za mashine. Nilimweleza chekecheo la laini na chekecheo la muthokoi. Nilimweleza jinsi mkanda unavyolia kabla haujakatika. Alisikiliza yote, masikini, na aliuliza maswali mazuri, mpaka nikaona anaweza kuajiriwa.

Kisha akauliza, katikati ya habari za mkanda, "Na yeye alikuwa anakuja pale kisiagini?"

"Nani?"

"Binti yako."

"Alikuwa anakuja."

"Ulikuwa unamwitaje?"

Nikafungua kinywa niseme mwaitu. Ni neno ninalolisema tangu nina meno mawili. Halikutoka. Lilifika hapa kooni likakaa. Nikajaribu kulimeza, likakataa pia kurudi. Nikanyoosha mkono kwenye lile sanduku la karatasi, na nikajikuta nakumbuka ukarimu wa mahali, na nikaanza kucheka, na kicheko kile hakikuwa kicheko. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mtu mzima akilia kwa kitu alichokiweka muda mrefu, sauti yake haipendezi. Mimi nilisikika kama mashine inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Yule wa dawa za mifugo alipanda ngazi kuuliza kama kuna shida.

Nilipotulia nilimwambia. Nilimwambia jinsi mtoto huyo alivyojua tangu mdogo kwamba yeye ni mama yangu, akautumia ukubwa huo bila huruma. Akiwa hajafika hata kiunoni pangu alikuwa akisimama mlangoni mwa kisiagi, mikono kiunoni, ananiambia, "Wewe mtoto, umekula?" Na wateja wakacheka, nami nikajibu, "Bado, mwaitu." Akasema, "Zima hiyo kitu ukule." Nami nikazima. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia nizime mashine nikazima.

Mshauri akauliza, "Haya uliyoniambia, mama yake amewahi kuyasikia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilidhani nikishakwambia wewe, utampigia simu."

Safari hii hakujizuia. Alicheka, nami nilikuwa nimesema kweli tupu. Sikuishia hapo. Nilimwomba aniandikie barua fupi, yenye muhuri, kwamba mimi fulani nimezungumza kuhusu mtoto wangu mbele yake, nimpelekee mke wangu Kithimani. Kila ofisi niliyowahi kuingia ilinipa karatasi ya kuthibitisha. Hata ng'ombe akichanjwa ana karatasi.

"Baba," akasema, "mimi sina muhuri huo. Yeye ndiye anao."

Nilikwenda mara nyingine tatu au nne kabla ya kupata ujasiri. Sitadanganya kwamba nilipona. Bado nilikuwa naamka usiku nikifikiri simu imelia kutoka hospitalini. Lakini nilijifunza kwamba mtu anaweza kulitaja jambo na bado akapanda ngazi zake, akashuka, akanunua mandazi.

Basi siku moja nikafunga kisiagi mchana kweupe, jirani yangu wa simu akasimama mlangoni mwake akanipungia mkono kama mtu anayekwenda Ulaya, nikaenda Kithimani.

Niliwakuta mke wangu na dada yake uani. Ndengu zilikuwa zimevunwa, zimetandazwa juu ya turubai, nao wanazipiga kwa fimbo zitoke kwenye maganda. Mke wangu aliniona, akaendelea kupiga. Dada yake ndiye aliyesimama. Huyu shemeji yangu ni mtu ambaye hata punda wake humwamkia.

Alitazama nyuma yangu, barabarani, kushoto na kulia. "Wako wapi wengine?"

"Wengine gani?"

"Wazee wako. Mke anafuatwa na mtu mmoja kwani ni kuku?"

"Nimekuja mimi."

"Asi! Hiyo naona. Na mbuzi?"

"Sijaleta mbuzi, shemeji."

"Hakuna wazee, hakuna mbuzi. Umekuja na nini sasa?"

Kwa kweli nilianza kumtamani baba mdogo na koti lake. Yeye angekuwa tayari ameomba maji. Mke wangu, bila kuinua uso, akasema, "Mpatie fimbo." Shemeji akanipa fimbo, nikavua koti, nikaanza kupiga ndengu upande wangu wa turubai. Ikanisaidia. Fimbo tatu zikipiga, kuna kelele kidogo. Si kama injini, lakini mtu hujishikiza kwa alichonacho.

Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni. Kisha nikasema, nikiangalia ndengu, "Mwaitu alikuwa analala kwa magunia."

Fimbo ya mke wangu ikasimama.

"Akiwa mdogo," nikaendelea, haraka, kabla halijarudi kooni. "Ukimleta kisiagini. Alikuwa analala juu ya magunia ya mahindi, mashine ikiwa inanguruma, wala haamki. Nikizima ndio anaamka, analia. Kwa hiyo nilikuwa naiacha inawaka bila mahindi, namaliza mafuta, ili asiamke. Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza mafuta yameenda wapi."

Shemeji alikuwa ameacha kupiga pia, jambo ambalo sijui kama limewahi kutokea.

Mke wangu akasema, "Hakuwa analala kwa magunia."

"Alikuwa."

"Alikuwa analala kwa mgongo yangu. Mimi ndio nilikuwa nakuletea chakula naye mgongoni. Magunia yana wadudu, ningemweka mtoto huko?"

"Ulikuwa unamshusha ukienda kuteka maji."

"Nilikuwa namshusha kwa leso, kando ya mlango. Kwa leso ya manjano."

"Ilikuwa ya bluu."

"Wewe mwanaume! Leso yangu utaniambia rangi?"

Na akaketi chini pale pale juu ya turubai, kwenye ndengu, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamwendea. Sikujua pa kuweka mikono, nikaishika fimbo. Alilia, halafu akaongea kupitia vidole.

"Ulikuwa unamwita mama yako," akasema. "Watu walikuja wakakupa pole ya mama yako. Wazee wote waliongea habari za mama yako. Mimi nilizaa mtoto. Ni nani alikuwa ananipa pole ya mtoto? Nilingoja wewe. Nilingoja mtu mmoja tu aseme jina yake kama msichana, si kama nyanya."

Mimi kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimedhani heshima yangu ni kubwa kiasi kwamba inatutosha wawili. Haikuwa imemfikia hata robo. Nikakaa chini kando yake. Nikalisema jina la binti yetu, lile alilobatizwa na lile la ukoo, yote mawili, mara ya kwanza katika maisha yangu, na sauti ikanipasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. Hapa siyaandiki. Nimechelewa nayo, nataka kwanza niyatumie nyumbani.

Mke wangu alisikiliza. Akafuta uso kwa ukingo wa kanga. Akasema, "Sema tena," nikasema tena, na mara ya pili moja nililitamka vibaya kidogo kwa kukosa mazoezi, naye akanisahihisha.

Tulipiga ndengu mpaka zikaisha. Nilisimulia mengine, hivi na hivi, na kwa kila moja nilikuwa nimekosea mahali: ilikuwa Masii si Machakos, alikuwa darasa la tatu si la kwanza, hakuogopa mbwa, aliogopa bata. Shemeji alipepeta ndengu akitingisha kichwa. Mwishowe mke wangu akainuka, akakung'uta maganda kwenye nguo zake.

"Mtoto huyu akiachiwa wewe peke yako," akasema, "utamharibu wote. Utamfanya mtu mwingine kabisa." Akamgeukia dada yake. "Niletee begi. Naenda kumsimamia."

"Bila mbuzi?" akauliza shemeji.

"Mbuzi ataleta. Na huyo mama wa Mumbuni watu wananiambia, ni wewe unaenda kwake ama ni baba yako mdogo?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mimi niliyekuwa nakwenda, sasa twende pamoja, kuna viti vya kutosha. Akasema atafikiri. Wiki iliyofuata alikwenda, na alizungumza muda wote, mimi nikiangalia viatu vyangu, ila mara moja moja niliinua uso nikasema hapana, na mara moja nikasema ndiyo.

Lakini kwa magunia alilala. Hilo siliachi.